Saa Mbili Kutoka Sharurah Hadi Arar

Katika chumba cha mlinzi, chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa nne huko Ruwais, Jeddah, mna viti viwili vya plastiki vya aina ile inayouzwa kila mahali duniani, kuanzia Dakar hadi Manila. Tofauti ya hivi viwili ni kwamba vimevaa. Kila kimoja kina kitambaa cha kufuma mgongoni na vingine vidogo mikononi, uzi mweupe wenye ukingo wa rangi ya damu ya mzee.

Mwenye chumba ni Nehemiah, mtu wa Chavakali, kaunti ya Vihiga. Nilimjua mwaka 2018, nilipopotea katika vichochoro vile nikitafuta nyumba ya rafiki, nikalalamika kwa Kiswahili nikidhani niko peke yangu. Sauti ikanijibu kutoka dirishani kwamba aliyejenga mtaa huu hakuwa na haraka ya kufika popote. Kisha sauti hiyo ikaniuliza kama nanywa chai ya maziwa.

"Kaa, lakini usiegemee sana," aliniambia nilipoingia. "Hicho kitambaa kimesafiri kukushinda."

Mimi sipendi kushindwa safari, kwa hiyo nikamwuliza kimetoka wapi.

"Sharurah. Unapajua?"

Sikupajua. Akachukua simu, akanionyesha. Sharurah uko kusini kabisa, ukingoni mwa jangwa kubwa, mji ambao kwenye ramani umezungukwa na rangi moja tu pande zote. Kisha akasogeza kidole juu, juu, mpaka karibu na Iraki, akanionyesha mji mwingine unaoitwa Arar. Kila mji una uwanja wake mdogo wa ndege.

"Kutoka hapa mpaka hapa," alisema, "ni saa mbili." Akaweka simu kifudifudi mezani. "Sasa niambie wewe, umeelewa nini?"

Nilisema nimeelewa kwamba ndege inachukua saa mbili. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyekwisha kutarajia jibu hilo.

*

Mwaka 2010 Nehemiah alikuwa akiendesha lori la mawe ya ujenzi, na mkewe, Mourine, akiuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Luanda, hukohuko Vihiga. Walikuwa na mtoto mmoja, Wesley. Wakala wa Nairobi aliwaambia ana nafasi mbili, moja ya dereva wa nyumba na nyingine ya kazi za ndani, zote Saudi. Nehemiah akauliza kama watakuwa karibu.

"Saudi ni Saudi," wakala akasema. "Mtakuwa mnaonana wikendi."

Aliwapa onyo moja. Wasiseme ni mume na mke. Waajiri, alisema, hawataki mfanyakazi mwenye mtu wake ndani ya nchi, kwa sababu mtu kama huyo ana mahali pa kutorokea. Basi wakashuka Riyadh kama abiria wawili waliokalia viti vya karibu kwa bahati. Nehemiah alikuta mtu anamngoja na kibao chenye jina lake. Mourine akapelekwa kwenye benchi la wanawake waliokuwa wakisubiri ndege nyingine, na hapo ndipo walipotambua kwamba kuna ndege nyingine.

Walipeana mikono mbele ya watu.

"Haya kaka," Mourine akasema, "kazi njema."

"Na wewe, dada."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana uso kwa uso katika nchi ile. Nehemiah ananiambia kwamba kilichomuudhi zaidi siku hiyo ni jinsi walivyoweza kuigiza vizuri.

Yeye alipelekwa Naseem, mashariki ya Riyadh, nyumba ya mzee mmoja mfanyabiashara wa vifaa vya mabomba. Kazi ilikuwa watoto shuleni asubuhi, madam madukani jioni, mama mzee hospitalini, na katikati yake kuosha magari mawili ambayo vumbi lilikuwa linayangoja nje ya geti. Hakuonewa. Bosi alikuwa mtu wa maneno machache na chakula cha kutosha. Siku za Ijumaa aliruhusiwa kutoka, akaenda Manfuha, kusini ya mji, kwenye chumba cha dereva mwingine anayeitwa Mike, mtu wa Nakuru, ambako Wakenya walikutana kusali kwa sauti ya chini, kisha kupika ugali na kubishana kwa sauti ya juu. Kule Manfuha alikuwa Mkenya tena kwa nusu siku. Alisikia habari za kwao, alichekwa kwa Kiluhya, alipanga mambo kwa saa za kwao.

Mourine hakuwa na Manfuha yake. Alikuwa kule Sharurah, katika nyumba ya ofisa wa jeshi, na katika mtaa ule wafanyakazi wengine wa ndani walitoka Indonesia na Ufilipino. Simu yake ilikaa kabatini kwa madam na ilitolewa kwa zamu. Sharti kati yake na Nehemiah lilikuwa moja: yeye ndiye hupiga, Nehemiah hapigi kamwe, kwa sababu sauti ya mwanamume kwenye simu ile ingehitaji maelezo. Jioni, watoto wakilala, alifuma. Alimwomba madam uzi, madam akacheka akamnunulia. Alikuwa anafuma vitambaa vya sebule ambayo haijajengwa, seti nzima, ya viti vya watu saba.

Miaka miwili ya kwanza ilipoisha, 2012, walikubaliana kwa simu waongeze mingine miwili. Nyumba waliyokuwa wakiijenga kwao ilikuwa imefika kwenye madirisha. Mazungumzo yale hayakuchukua muda mrefu kuliko chai kuchemka.

*

Mapema mwaka 2014, siku ya Alhamisi, Mourine alipiga simu akiwa anahema kama aliyepanda ngazi.

"Baba Wesley, nisikize haraka. Tunahama. Jumatano tunaenda Arar."

"Arar ni wapi?"

"Huko juu, kaskazini kabisa. Ndege ni saa mbili. Na mimi nina neno nataka tuongee vizuri, kwa hivyo..."

"Yalla!" Sauti ya mwanamke ilimharakisha kwa nyuma. "Yalla, ya Mourine!" Simu ikakatika.

Kesho yake Nehemiah aliyapeleka maneno hayo Manfuha kama mtu anayepeleka saa kwa fundi. Mike alikuwa anakatakata sukuma wiki, ambayo mtu mmoja alikuwa ameipanda kwenye ndoo juu ya paa.

"Saa mbili ya asubuhi ama ya usiku?" Mike aliuliza.

"Hakusema."

"Ama ni kwamba ndege inachukua saa mbili?"

"Hakusema."

"Wewe ulioa mwanamke ama kitendawili?" Watu wakacheka. Kisha Mike akaweka kisu chini. "Lakini mimi nikwambie kitu. Hizi ndege za mashambani haziruki kutoka kichaka hiki zikaingia kichaka kile. Lazima zipitie Riyadh ama Jeddah. Ndugu ya bosi wangu anakaa Bisha, kusini, na akitaka kwenda Tabuk, kaskazini, anapitia hapa kila mara akilalamika. Huyo mama anapita hapa, ndugu yangu. Piga shati pasi."

Nehemiah alirudi Naseem akiwa mwepesi. Alipiga shati pasi. Alitunga uongo wa kumwambia bosi, kwamba kuna mzigo wa binamu yake unafika uwanja wa ndege. Tatizo lilikuwa saa tu. Kama ni saa mbili asubuhi, angewaacha watoto shuleni na kwenda moja kwa moja. Kama ni saa mbili usiku, ingekuwa vigumu, kwa sababu huo ulikuwa wakati wa madam na maduka. Akawa tayari kwenda mara zote mbili.

Jumapili jioni, akiwa kwenye chumba chake kando ya geti, mahali ambapo intaneti ya nyumba ilimfikia kwa shida, aliamua kuiuliza simu. Ilikuwa simu aliyoachiwa na kijana wa bosi, kioo kimepasuka. Akapata ukurasa ambao unaandika jina la uwanja mmoja wa ndege, na jina la mwingine, nao unakupa jibu. Akaandika Sharurah. Akaandika Arar. Ukurasa ukamjibu: kilomita elfu moja na mia sita hivi, muda wa ndege saa mbili na dakika kidogo. Na chini yake ramani, na juu ya ramani mstari mwembamba uliotoka kusini ukapanda mpaka kaskazini, ukiiacha Riyadh mbali upande wa kulia.

Alimpigia Mike papo hapo.

"Ni saa mbili za kuruka," alisema. "Alikuwa ananiambia urefu wa safari. Hawatui hapa."

"Nani amesema?"

"Iko hapa kwa simu. Imechora mpaka njia."

"Mimi bado nasema lazima ipite hapa."

"Mike, mstari wenyewe hauigusi Riyadh."

"Basi simu imesoma kunishinda." Kisha ucheshi ukamrudia Mike. "Pengine yote ni sawa. Inaondoka saa mbili, inachukua saa mbili, inafika saa nne. Kiswahili kimetosha."

Nehemiah akakunja lile shati, akalirudisha begini.

Nimekuwa nikizitumia kurasa za namna hiyo kwa miaka mingi, na nilimwambia hivyo. Mtu asiyetulia mahali pamoja huzifungua kama wengine wanavyofungua picha za ndugu. Ukiziuliza umbali kati ya sehemu mbili zozote, hata kama hakuna ndege iliyowahi kuruka kati yake, zitakupa kilomita, zitakupa muda, zitakuchorea mstari. Hazidanganyi. Zinasema ndege ingechukua muda gani kama ingekuwepo, na hilo neno "kama" halikuandikwa popote. Nehemiah aliuliza ni mbali kiasi gani, akadhani ameuliza inapita wapi.

Jumatano, baada ya kuwaacha watoto shuleni, alipanda juu ya paa kwa kisingizio cha kuangalia tangi la maji. Hakujua ndege inaondoka saa ngapi; alikisia tu kwamba asubuhi hiyo ingefika usawa wa Riyadh. Upepo wa vumbi ulikuwa umeanza na anga lilikuwa la rangi ya chai. Akaangalia magharibi. Baada ya muda akasikia mlio, akaona kitu kidogo kinang'aa kupitia vumbi, akanyoosha mkono.

"Nilipunga," aliniambia. "Mtu mzima, na ndoo mkononi. Sijui nilimpungia nani. Pengine ilikuwa inaenda Karachi."

Mchana huo madam alitaka mapazia. Nehemiah alimpeleka kwenye duka moja palepale Naseem, akakaa nje ndani ya gari, injini ikinguruma kwa ajili ya ubaridi. Alikuwa na usingizi. Madam alikaa humo ndani karibu saa mbili.

*

Mkataba wake ulikuwa unaisha kabla ya Ramadhani. Wiki moja baada ya Jumatano ile bosi alimwita, akamwuliza kama anabaki, kwa sababu kibali chake cha ukaazi, ile ikama, lazima kilipiwe mapema. Nehemiah akaomba siku chache. Alikuwa anangoja simu ya Arar. Simu haikuja. Katika nyumba mpya madam alikuwa na mambo mengi, na simu ya Mourine ilikuwa ndani ya mojawapo ya maboksi ambayo hayajafunguliwa.

Siku chache zikaisha, bosi akauliza tena. Nehemiah akakumbuka jinsi walivyokubaliana haraka mara ya kwanza, akakumbuka ile nyumba, ambayo sasa ilihitaji mabati. Akasema sawa.

Ijumaa iliyofuata, mtu asiyemjua aliingia kwenye chumba cha Mike huko Manfuha akiwa na mfuko wa duka, umefungwa mafundo. Alikuwa kijana mrefu, mfanyakazi wa usafi wa uwanja wa ndege, na jina lake Japheth.

"Kuna mtu hapa anaitwa Nehemiah? Dereva wa Naseem? Mtu wa Chavakali?"

"Ni mimi."

"Wewe!" Japheth akaketi kwanza. "Wewe umenitesa. Nimeuliza Wakenya wote wa Riyadh. Kuna Nehemiah wa Eldoret amekubali ni yeye, mpaka nilipomwuliza jina la mke."

Akampa ule mfuko. Nehemiah akafungua fundo la kwanza, akaona uzi mweupe na ukingo wa damu ya mzee, akaacha kufungua.

"Umeitoa wapi hii?"

"Dada mmoja alinipa. Pale uwanjani, upande wa ndege za ndani ya nchi. Ile Jumatano ya vumbi."

Mike aliweka sufuria chini.

"Alikuwa na watu wake," Japheth akaendelea, bila kujua anachokifanya. "Wale matajiri wake wakapanda juu kula, wakamwacha na mabegi karibu na mlango. Mimi nilikuwa napiga deki. Akaniuliza, kaka, hapa watu wanaingilia wapi? Nikamwonyesha. Akakaa akiangalia. Baadaye akaniuliza kama kuna mlango mwingine. Nikamwambia, dada, huu ni uwanja wa ndege, milango ni mingi. Akaniomba nikutafute."

"Ukanitafuta?"

"Nilizunguka nikisukuma toroli nikiita Nehemiah, Nehemiah, mpaka askari akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Nikarudi nikamwambia hayupo. Akasema atakuja tu, huyu ni mtu wa kuchelewa. Halafu watu wake wakashuka, na yeye akanipa huo mfuko haraka haraka. Akasema, mwambie ni vya viti. Mwambie arudi navyo nyumbani."

"Alisema arudi?"

"Arudi navyo. Ndivyo alisema."

Nehemiah akauliza swali ambalo, aliniambia, alijua jibu lake kabla hajalimaliza. "Walikuwa wametua saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Haikuchelewa hata."

Ni Mike aliyelitamka, polepole, kama anayesoma kibao cha barabarani kilichofifia. "Saa nane. Hiyo kwa Waarabu ni saa mbili."

Walikuwa wamezitumia maana mbili za maneno yale, ya saa ya kuondoka na ya urefu wa safari, wakaridhika. Ya tatu hawakuifikiria, ingawa ndiyo waliyoishi ndani yake kila siku. Bosi wa Nehemiah alimwambia aende akawachukue watoto saa moja, na Nehemiah alikwenda saa saba, kwa miaka minne, bila kukosea hata mara moja. Lakini akizungumza na mkewe alizirudisha saa kwenye Kiswahili, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Hakuwaza kwamba Mourine hakuwa na mlango wa kuvulia.

Jioni ile alimwendea bosi.

"Baba, nataka kwenda nyumbani. Ile ikama, tuache."

Bosi alikuwa anakunywa kahawa. Hakukasirika. "Nehemia, wiki iliyopita umesema sawa."

"Nilikosea, baba."

"Mimi nimelipa. Ikama halas." Akapangusa mikono miwili, moja juu ya nyingine, ile ishara ya jambo lililokwisha. "Miaka miwili si mingi. Halas."

*

Mourine alimpigia simu akiwa tayari Nairobi. Mkataba wake uliisha, hakuongeza, akapandishwa ndege Arar, akabadilisha Jeddah, akaenda zake. Hata safari hiyo haikupitia Riyadh.

"Nilikungoja," alisema.

"Najua. Japheth aliniletea vitambaa."

"Kwa nini hukuja?"

"Nilidhani hamtui. Niliangalia kwa simu, ikaniambia ni saa mbili moja kwa moja."

"Simu," akasema. "Mimi nilikwambia saa mbili. Kwani nilisema nini kingine?"

"Mama Wesley, kwetu hiyo ni asubuhi ama usiku. Wewe ulimaanisha saa nane."

"Saa nane," Mourine akasema. Alilisema kama mtu anayeonja chakula cha utotoni. "Nehemiah, miaka minne mimi sijasikia mtu akisema saa nane. Nilikuwa nazungumza Kiswahili na sinki. Nani angeniambia saa?"

Kisha akamweleza lile neno lililokuwa la kuongea vizuri. Alitaka waache kazi, warudi nyumbani. Alitaka amwangalie usoni amwambie kwamba nyumba ikikaa bila mabati mwaka mmoja haitakufa, lakini yeye amechoka na Wesley anamwita nyanya yake mama. Alijua kwamba kwa simu Nehemiah angesema tuvumilie kidogo, kwa sababu kwa simu walisema hivyo kila mara. Alihitaji awe mbele yake. Aliamini angeweza kumshawishi kabla watu wake hawajashuka kutoka kula.

"Ungeweza," Nehemiah alimwambia.

"Lakini sasa umeshaongeza."

"Nimeshaongeza."

"Haya basi," akasema Mourine. Kisha, bila ukali, kwa sauti ileile ya siku ile ya uwanja wa ndege: "Kazi njema."

Huwa napenda watu wanaojua kusimulia bila kujihurumia, na Nehemiah ni mmoja wao, lakini hapa alisimama akaenda kuangalia kama kuna mtu kwenye geti. Hakukuwa na mtu. Aliporudi alisema kwamba kosa la simu angeweza kujisamehe, maana simu humkosesha yeyote. Kinachomrudia ni lile neno lenyewe. Mke wake alikuwa amemwambia saa kwa Kiarabu na yeye hakusikia. Ndani ya neno lile dogo ilikuwamo miaka yote minne aliyokuwa peke yake, na yeye akalipeleka Manfuha likachekwa juu ya sukuma wiki.

Miaka miwili ilizaa mingine. Mwaka 2016 bosi alihamishia biashara yake Jeddah, akamchukua Nehemiah pamoja na magari. Halafu bosi akazeeka, watoto wakaanza kujiendesha wenyewe, na Nehemiah akahamishiwa kwa shemeji wa bosi, mwenye jengo hili la Ruwais. Mabati yaliwekwa. Mourine anaishi chini yake na Wesley, ambaye sasa ana sauti nzito na anamwita Nehemiah "mzee" kwa adabu ya kumwita mtu ambaye humfahamu. Mke na mume hawajaachana. Hakuna aliyemkosea mwenzake kwa namna ambayo wazee wangeitwa. Wanazungumza Jumapili, kuhusu karo na ng'ombe na mvua. Mara ya kwanza Mourine alipomwita jina lake badala ya Baba Wesley ilikuwa katika simu ile ya Nairobi, na tangu hapo hajarudi nyuma.

"Vitambaa vya viti saba," nilimwambia. "Vingine viko wapi?"

Akaonyesha sanduku chini ya kitanda. "Nilitoa vya viwili tu. Aliniambia nirudi navyo. Sijarudi, lakini nikaona vikikaa humo vyote vitaliwa na nondo."

*

Mwezi wa Desemba mwaka uleule nilipita tena Jeddah, nikamkuta na begi jipya. Alikuwa amepata likizo, ya kwanza tangu 2010, na tiketi. Viti vilikuwa uchi. Vitambaa vyote vilikuwa vimefuliwa, vimekunjwa, vimepangwa juu kabisa ya begi mahali ambapo forodha wakifungua wataviona kwanza.

Kwa mazoea yangu mabaya nilikuwa nimefungua ule ukurasa wa umbali, nikaandika Jeddah na Kisumu. Mstari ulichorwa mara moja, mwembamba, umenyooka. Nikamwonyesha. Akacheka kidogo.

"Sema ukweli. Hiyo ndege ipo?"

"Haipo."

"Basi funga." Yeye alikuwa na karatasi ya wakala, Jeddah hadi Addis, Addis hadi Nairobi, Nairobi hadi Kisumu, na kila mahali alikuwa ameandika kwa kalamu mwenyewe: asubuhi, mchana, usiku.

Akampigia Mourine mbele yangu, simu ikiwa juu ya meza, sauti imefunguliwa ili mikono yake iendelee kufunga begi. Nyuma ya sauti ya mwanamke yule kulikuwa na kuku na redio.

"Tiketi imetoka," Nehemiah alisema. "Nafika Kisumu Jumamosi, saa mbili."

Kuku walilia. Redio ikapunguzwa.

"Saa mbili gani, Nehemiah?" Mourine aliuliza, na niliweza kusikia kwamba anatabasamu, au anajaribu. "Ya kwetu ama ya huko?"

Mikono ya Nehemiah ikatulia juu ya zipu.

"Ya kwenu," alisema.

Niliangalia nje. Nadhani alilisikia neno lake palepale lilipomtoka, kwa sababu alifungua mdomo alirekebishe, akaufunga.

"Sawa," Mourine akasema. "Asubuhi hiyo. Wesley atakuja kukupokea. Mimi Jumamosi huwa niko soko."

"Nina vitambaa," Nehemiah alisema.

"Vipi?"

"Vitambaa. Vya viti. Ninarudi navyo."

"Haya," akasema Mourine. "Tutaona kama vitaenea. Viti tulivyonunua ni vikubwa kidogo."